Kupanda Kivuli

Nyuma ya nyumba yetu, Sandviken, mjini Bergen,
mlima umesimama kama mdai aliyekataa kiti,
na upande wa pili msonobari wa Torleiv.
Jua huchungulia saa tano, huondoka bila kuaga.

Mume wangu Sigbjørn alipigana na giza hilo miaka kumi na tisa.
Alipanda waridi: likarefuka kama mgonjwa anayetafuta dirisha, likafa.
Akapanda nyanya: zikabaki kijani mpaka theluji.
Akapaka ukuta chokaa urudishe mwanga,
ukuta ukaota kuvu.
"Hapa," alisema, "hata deni halioti."
Mwaka aliofariki, niliacha koleo lilale.

Ndipo likaja kangaga la kwanza.
Halikubisha hodi. Lilitokeza kwenye ufa wa ngazi,
ngumi ndogo yenye manyoya ya kahawia,
ikijikunjua kidole baada ya kidole
kama mtoto anayeamua kukuonyesha alichoiba.

Torleiv akaniletea mengine kwenye ndoo ya samaki:
lile tuliitalo bawa la mbuni
(mbuni hajawahi kupita mtaa huu),
ulimi wa kulungu, usio na meno pembezoni,
na mzizi mtamu wa mwambani
tuliokuwa tukiutafuna shuleni badala ya peremende.

Alinifundisha bila kunitazama:
usilizike koo lake.
Mwagia pembeni, si moyoni.
Lilishe majani yaliyooza, mbolea ya dukani waachie wenye haraka.
Na makuti yake yakikauka, yaache,
hayo ndiyo blanketi. Ukikata, kata mwezi wa nne.

Nilishika yote. La madoa hakuniambia.

Mwezi wa nane nikageuza jani,
nikaona vipele vya kahawia, safu mbili,
kama vifungo vya koti la askari.
Mimi nimefua shuka za hoteli miaka thelathini na moja;
doa najua dawa yake.
Nikachukua sabuni, maji vuguvugu, sifongo,
nikasugua jani moja moja, upande wa chini,
jioni tatu, kiuno kikilia.
Torleiv akanikuta. Akacheka
mpaka akaketi juu ya jiwe lililolowa.
"Ragnfrid," akasema, "umewaosha watoto wote wakaenda na maji."
Kisha akakumbuka kwamba mimi na Sigbjørn hatukujaliwa.
Akavua kofia, akaishika, asijue pa kuiweka.

Mwaka uliofuata niliacha madoa yaive.
Nililaza jani moja juu ya gazeti usiku kucha;
asubuhi, vumbi lilikuwa limelichora upya
juu ya matangazo ya vifo.
Nikalinyunyiza kwenye udongo nilioumwagia maji ya moto,
nikafunika kwa chupa ya jamu.
Miezi mitatu, hakuna kitu.
Kisha ukijani, kama pumzi kwenye kioo.
Kisha vimoyo, vyembamba kuliko ukucha wa mtoto,
mia, labda zaidi. Sikuhesabu. Niliogopa kuhesabu.

Torleiv alihamia kwa binti yake, Ålesund.
Waliokuja ni vijana, wanapenda mwanga.
Msumeno ulinguruma saa moja tu,
na jua likaingia bustanini kwangu
kama mgeni aliyechelewa miaka thelathini, akidai chakula.
Sigbjørn, ungekuwepo ungelia kwa furaha.
Ulimi wa kulungu ulikuwa umeanza kuungua ncha.

Nikatoa shuka zetu za harusi, zile nzito za kitani,
nikazifunga kutoka bomba la mvua hadi mlingoti wa bendera.
Chini yake pakarudi ule ubaridi niliozoea kuulaani.

Yule mke kijana, Synneva, akaita kutoka dirishani:
"Unaanika? Siku nzuri kwa nguo!"
"Sianiki," nikamjibu. "Napanda kivuli."
Hakuelewa. Ila alishuka, mtoto kifuani,
akanishikia pembe iliyokuwa ikipepea.
Nikampa mzizi mtamu autafune; akakunja uso.
"Una ladha ya kabati la zamani," akasema,
na tukafunga fundo la pili.