Sampuli ya Saba, Hori ya Shinas

Dadkarim kashika keekee, mimi daftari.
Maji yamekupwa. Tumezama tope hadi magotini
katikati ya michu, saa kumi na mbili na nusu,
kabla jua la Batina halijaanza kudai chake.

Sentimita sitini chini, udongo mweusi kama wanja,
laini, wang'aa, wanuka yai viza.
Naupima mbichi: saba nukta nane.
Mpole. Asiyeujua angeusainia.

Mhandisi Mundhir alitaka namba hiyo tu.
"Nipe, Bi Zeyana, greda zinangoja,
mfereji una tarehe yake."

Nikavaa glovu na miwani, nikasogea upepo unakotoka.
Kijiko cha tope ndani ya bilauri,
peroksaidi, matone kumi.
Kimya.
Dadkarim akaanza kucheka.
Halafu ukachemka bila moto,
povu la kahawia likapanda hadi ukingoni, mvuke,
na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi.
Bilauri ikanichoma vidole.
Mbili nukta tatu.

(Sampuli ya nne nayo ilitoa povu,
lakini kwa tone la asidi tu:
makombe ya chaza yaliyosagika, chokaa, mzima moto.
Povu na povu si ndugu.
Huku kwenye saba, makombe ni mawili, mazima,
yamevaa kutu, hayasaidii mtu.)

Bibi, aliyeniachia Kiswahili hiki jikoni Al-Khuwair,
alikuwa akisema, lililolala usiliamshe.
Nikimuuliza habari za Unguja, anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.
Nilidhani ni woga.
Leo nautazama udongo huu: umezama, haupati hewa,
una kiberiti mfukoni na hajaungua mtu.
Koleo ni letu.

Nusu ya sampuli nimeiweka kwenye sinia
juu ya kabati la maabara, wiki nane.
Kila Jumapili nainyunyizia maji kidogo
kama mtu amwagiliaye mche asioutaka.
Kipimo hiki hakina haraka, na Mundhir hakipendi.

Wiki ya tano, ndani ya ufa,
doa la manjano,
binzari iliyopauka.
Simu inaita. Ni yeye.
Naiacha iite kwanza,
natafuta kalamu yenye rangi hiyo.