Kurasa Tatu za Ranpei

Anaingia ukurasa wa kumi na saba.
Mhariri kasema afe wa kumi na tisa,
ishirini ni ya shujaa, asimbanie nafasi.
Basi nampaka wino suti yake, mimi Itsuho,
msaidizi wa meza ya tatu, ghorofa ya pili, Nerima,
mvua ikigonga kiyoyozi.

Ranpei Dosaka. Mtoza kodi ya hewa
katika Osaka iliyohamia chini ya bahari.
Kidagaa, lakini ana meno:
anafunga koki ya mjane kwa kidole kimoja,
anacheka, "Pumua kwa mkopo, mama."
Mkono wake wa kushoto ni chuma, na kidole cha mwisho hakipo.
Hata chuma kilimwomba bosi radhi.

Utoto hana. Mwalimu hakumwandikia.
Jana usiku, wenzangu wamelala chini ya meza,
nikamtia kovu kidevuni,
la baiskeli, la kuanguka akiwa na miaka saba.
Likichapwa litakuwa dogo kuliko punje ya mchele.

Kumi na tisa. Shujaa anaruka, nywele hazijaloa hata kidogo.
Mwanga. Kishindo, nakiandika kwa brashi nene.
Ranpei anapasuka kama chupa ya soda
iliyosahauliwa kwenye friza.

Mdomo wake nimeachiwa mimi niumalize.
Maelekezo: *ukelele.*
Nimeufumbua kidogo tu,
kama wa mtu aliyekumbuka, kachelewa,
kwamba kaiacha baiskeli nje
bila kufuli.