Kimo cha Reli

Baba alikuwa mtu wa gengi. Kilometa zake nane,
na kipimo chake cha chuma: mita moja, si zaidi.
Siku moja, meno ya utoto bado yamejaa kinywani,
alinilaza kati ya pau mbili,
kisogo huku, visigino kule.
Kokoto zilinichoma mgongo.
"Umeenea," akasema. "Sasa wewe ni reli."
Nikamtangazia kila mtu pale Msagali.

Nikakua kidogo, nikakoma.
Mita moja, arobaini na tatu na nusu.
Shuleni waliniita Kisiki; sokoni, kwa adabu, Shangazi Kisiki.
Wakaja wahandisi na mashine za njano.
Nikauliza upana wa reli mpya.
Kijana wa helmeti akanitajia,
nikacheka hadi akadhani namdhihaki:
serikali nzima imejenga kwa kimo changu!

Ni kubwa. Sisemi si kubwa.
Nguzo za umeme zimejipanga hadi jicho linachoka.
Inapita na taa zake kabla uji haujachemka,
watu wamelala, vichwa vimeegemea vioo,
na mbuzi wetu hawageuki tena kuitazama.
Uzio unaanzia nyuma ya choo.
Shamba la uwele liko ng'ambo, naliona:
zamani hatua kumi na mbili,
sasa mpaka kalavati, kuinama, kurudi. Saa nzima.

Mwezi wa nane nilimpeleka mama Dodoma, nyonga yake.
Treni ya zamani ilisimama hata kwa mtu mwenye kuku mmoja.
Hii ina nidhamu.
Boda mbili mpaka stesheni, elfu ishirini na mbili,
mama kafungwa kwa kanga kiunoni mwa Nyemo,
nami nyuma kwenye boda yangu, mkongojo begani kama bunduki.
Dirishani binti akaomba namba ya kitambulisho.
Mashine ya vidole ilishamkataa mama mara tatu;
jembe limezifuta alama zake.
Tukatoa barua ya mtendaji, imekunjwa mara nne.
Binti akaisoma. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaisoma.

Lakini ndani, jamani!
Mteremko laini, hakuna ngazi hata moja.
Sakafu ya behewa sawa na sakafu ya jukwaa;
mama akasimama penye ule ufa mwembamba,
akauchungulia,
akavuka kama anayeingia jikoni kwake.
Dodoma tukapanda lifti. Akaomba turudie.
Tukapanda, tukashuka, tukapanda, mlinzi akitutazama.

"Wameifikiria miguu yangu," alisema,
"kuanzia mlangoni kwao."
Akanyamaza. Nyonga ilikuwa inamuuma.

Jana kaja afisa na daftari,
anaandika nani anaishi umbali gani na reli.
Mama akamwonyesha uzio kwa mkongojo.
Afisa akahesabu hatua: arobaini.
"Karibu sana," akatamka, huku anaandika.
"Starehe, baba," mama akajibu,
akamvutia kigoda.

Hakukaa. Nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake.
Zizi la mbuzi lilikuwa wazi,
nikalikomea kwa kile chuma cha baba.