Ndoo

Neno la kwanza nililolipata Lamu lilikuwa Simila.
Nilidhani ni mtu.
Kila kichochoro cha Langoni walimwita, alfajiri mpaka isha,
vijana wa mikokoteni, wenye punda na magunia ya saruji,
Simila! Simila!
nami nimesimama katikati ya njia, cherehani kichwani,
nikimwonea huruma huyo bibi anayetafutwa na mji mzima,
hadi punda aliponibana ukutani
na vumbi la saruji likanijaa kope.
Pole, akasema mwenye punda.
Pole, akasema muuza kahawa, ambaye hakunigusa.
Pole, akasema mtoto dirishani.
Pole tatu kwa goti moja.

Sikuja bila Kiswahili, Nsimire, unajua.
Nilikuja nacho tele, cha Bukavu, cha soko la Kadutu,
kimekunjwa vizuri kama kitenge sandukuni.
Nilipokikunjua watu walicheka kwa adabu,
wakaziba midomo kwa ncha za leso.

Siku ya pili Bi Zeituni, mwenye nyumba, akasimama juu ya ngazi:
Ndoo! Ndoo, mwanangu!
Nikampelekea ndoo.
Akaitazama. Akanitazama.
Ndoo, akarudia, polepole, kama anayemsomesha kiziwi.
Nikarudi bafuni nikaleta ya pili, ile kubwa.
Alikaa palepale ngazini akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.
Kumbe ananiita tu. Njoo. Wali umeiva.
Tangu siku hiyo nyumbani mwake mimi ni Mama Ndoo,
Nabintu amebaki kwenye karatasi za uhamiaji.

Mengine nilijifunza kwa hasara.
Kesho inshallah, alisema Bwana Shee Lali niliyemshonea kanzu mbili.
Kesho nikaamka, nikamngoja barazani pake,
na kesho ile nyingine,
na Ramadhani ikaingia ikatoka, kanzu ikaanza kuchakaa mgongoni.
Hapana huku hawaisemi.
Wanamwachia Mungu aiseme.

Nilipolala na homa siku mbili,
fundi wa milango, ambaye hatujawahi kusemezana,
alinisimamisha njiani:
Mbona umeadimika?
Nilirudi na neno hilo chumbani, nikalala nalo.
Kuadimika. Kama sukari. Kama mafuta ya taa.
Sikujua kama kuna mtu anayenihesabu.

Lakini ngoja nikwambie la maji.
Unakumbuka masista walivyotupiga rula,
si mayi, ni maji! ni maji!
nasi tukamletea nyanya sahihisho hilo nyumbani,
mpaka akaacha kuomba cha kunywa mbele ya wageni.
Basi juzi, mchana, joto la kaskazi,
Bi Zeituni akaita kutoka ndani, koo limemkauka:
Nipa mai ya kunwa.
Nikashika kata mlangoni nisiweze kwenda.
Sauti ni yake, neno ni la nyanya.
Mai! akasema tena. Huoni kuwa nafa?
Nikampa. Akanywa. Hakuuliza kwa nini nalia,
alisema tu, pole.

Jana kwenye simu ukaniuliza nitarudi lini.
Nilijibu haraka, kabla sijafikiri,
Inshallah, Nsimire.
Ukashukuru. Ukasema utapaka chumba rangi.
Nimekaa tangu alfajiri, mkono juu ya gurudumu la cherehani,
kitambaa cha watu hakijasogea hata kidogo,
najaribu kusikia
nililisema kwa Kiswahili kipi.