Ukurasa wa Sitini na Moja

Saa kumi alfajiri Isevya yote imelala,
isipokuwa mbwa wa Kasanda na mimi.
Chai nimeimimina, nimeisahau, imeota ngozi.
Ukurasa wa sitini na moja, tangu mwezi wa mfungo:
mwanamume wangu yumo behewani, stesheni ya Tabora,
mkono kwenye kitasa.
Hashuki.
Nimempa mvua, nimeiondoa.
Nimempa mke wa kumpokea, na kikapu cha karanga;
mke kasubiri hadi karanga zikamwishia,
na yeye bado: kitasa, kitasa.

Saa mbili nafungua kibanda.
Ubao wangu unasema BARUA, MAOMBI, KADI, WASIFU.
Riwaya hausemi. Hakuna anayeiulizia.
Wa kwanza ni Mihayo, mrina asali wa Sikonge,
kapunjwa madebe mawili na mnunuzi.
Jina lake kwa Kinyamwezi ni maneno,
naye kaja kuyanunua kwangu kwa elfu moja.
"Tia ukali," ananiambia, "ila mwakani anunue tena."
Nikacheka peke yangu.
Miaka yote natafuta namna ya kuieleza kazi hii.

Mchana wakaja watoto wa marehemu Bibi Nyanzala.
"Andika alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu."
Hayo ninayo tayari kwenye kompyuta,
nabadili jina na tarehe. Mungu anisamehe,
sijui ni wangapi mjini humu wamezikwa kwa aya ileile.
Nikauliza, kwa uchovu kuliko kwa huruma:
Alikuwa anaficha nini?
Wakatazamana.
Yule mdogo, Kalunde, akasema: Sukari.
Aliiweka kwenye droo ya cherehani,
chini ya sindano zilizomwagwa makusudi,
mwizi achomwe kwanza ndipo alambe.
"Mimi nilianza kwa kuzipanga zile sindano," akasema.
"Ndivyo nilivyojua kushona."

Nikaiandika, mkono ukinitangulia.
Kaka mtu akasoma, akaweka kidole:
"Hii itoe. Watu watacheka msibani."
Nikaitoa.
Nakala arobaini, risiti, pole sana.
Kalunde aligeuka mlangoni,
akautazama mtambo wa kuchapia, akaenda.

Hapa kwetu treni hukatwa.
Mtoto wa mji huu anaujua mlio ule kabla hajajua kusema,
chuma kikiachana na chuma usiku wa manane,
mabehewa haya Mwanza, haya Kigoma,
na aliyelala hajui ameachanishwa na nani.
Miaka arobaini na miwili naulalia mlio huo
na sijapata kuuandika.
Usiku wa jana ulinikuta macho,
sentensi ya Bibi Nyanzala nimeifunga pindoni mwa kanga
pamoja na chenji.

Ni ya nani sasa?
Wenyewe wameikataa. Aliyeiishi yuko chini ya udongo mbichi.
Mimi nimelipwa kuifuta.
Nikamwambia mtu wangu wa behewani: Shika,
lakini jua ni ya kuazima.
Akakitazama kidole chake.
Kitundu. Damu kiasi cha punje ya mtama.
Akakumbuka droo fulani, utamu fulani,
akashuka.
Kashukia upande usio na jukwaa, mjinga huyu,
kwenye kokoto, kiatu kimoja,
na karanga hazipo tena.

Ukurasa wa sitini na mbili una mistari minne.
Wa tatu mbovu.

Ile sentensi nimeichapa peke yake,
kwenye karatasi nzito ya kadi za harusi,
nikaitia bahasha, nikaandika juu: Kalunde.
Sijui anakaa Cheyo au Ng'ambo.
Nitawauliza mafundi cherehani, mmoja mmoja,
nani kati yenu huzipanga sindano kabla hajaanza kazi.

Lakini bomba linakoroma, maji yanakuja.
Ngoja nikinge kwanza.