Uzi wa Gunia

Karani wa tiketi alihesabu kwa vidole, bila kunitazama:
Mtwara mpaka Dar, saa moja na dakika kumi;
Dar mpaka Doha, saa sita kasoro;
Doha mpaka Hochimini, saba na ushee.
"Jumla kumi na nne, mama. Akilala, akiamka, kafika."
Nikamuuliza saa za kukaa chini, za kungoja.
"Hizo," akasema, "hatuziandiki."

Nami ninazo nyingi zisizoandikwa.
Misimu miwili ya salfa kifuani mwa Mfaume;
malipo ya pili ya korosho, yaliyoahidiwa Novemba,
yakaja Machi, yamekonda;
cherehani ya marehemu shangazi, iliyouzwa Chuno
kwa mtu asiyejua hata kutunga uzi.
Hizo saa kumi na nne
zilitugharimu miaka mitatu kuifikia ngazi ya ndege.

Usiku ule Siwema alifungua atlasi ya shule,
ile isiyo na jalada, Ziwa Nyasa limeliwa na mende.
Nikachomoa uzi kwenye sindano yangu ya magunia,
nikaubana hapa kwa kidole, Chikongola,
yeye akauvuta hadi kule,
ukapita juu ya bahari nzima bila kulowa.
Rula ikasema sentimita tisa na pointi sita.
Akapiga hesabu pembezoni mwa daftari:
kilomita elfu saba na mia saba, hivi.
"Si mbali," akasema. Ana miaka tisa.
Kwake mbali ni Masasi,
maana huko alitapika njia nzima.

Korosho zenyewe huenda kwa meli.
Mimi ndiye niyashonaye midomo magunia yake ghalani,
mishono kumi na miwili, na mwisho mafundo mawili;
wenzangu hufunga moja.
Ziliondoka kabla yake, zikafika baada yake:
wiki tano kwa maji,
siku moja na nusu kwa mawingu.
Yuko kiwandani anajifunza mashine ya kubangua
(huku bado ni mkono, utomvu ukitula vidole)
akatuma picha. Uso wake haumo.
Ni mdomo wa gunia tu, na mafundo mawili.
"Nimekuta mkono wako," akaandika,
kwake saa tatu usiku, kwangu saa kumi na moja jioni,
kanga yangu bado inamalizia jua kambani.
Kisha: "Samahani. Ilibidi niukate."

Amerudi Ijumaa. Miguu imevimba,
anatembea sebuleni kama anayekanyaga godoro.
Zawadi ya Siwema ni pakiti inayong'aa,
korosho nyeupe, zimevuliwa hadi ganda la ndani,
gramu mia mbili.
Siwema akazihesabu kabla ya kula,
akataka kujua zilipandwa nchi gani.
Mfaume akacheka.
Halafu akaacha kucheka.

Mimi niliigeuza pakiti chini juu,
nikapapasa ukingo wake wote kwa kidole gumba,
natafuta mshono.
Umebanwa kwa moto. Hakuna uzi.