Nafasi ya Subilaga

Godoro letu Tukuyu ni magunia manne
tuliyoyashindilia majani makavu ya migomba.
Mvua ikinyesha, na hunyesha, linanuka zizi,
na sisi tunarudi nyumbani na harufu hiyo.

Hapo ndipo Subilaga alipotufundisha samasoti:
"Usiitazame ardhi. Yenyewe inakujua."

Siku mbili kabla ya mashindano ya kanda
akavunjika mkono. Si kwenye godoro:
kwenye tope, ndoo kichwani.

Mwalimu Mwakibete akasema, zibeni pengo,
sogeeni.
Tukaitikia ndiyo.

Mbeya magodoro yalikuwa ya bluu, makavu,
laini mno, nyayo zikapotea.
Tuliruka watano, tukatua watano,
kisha tukajipanga: Tusekile, Atuganile, mimi,
hatua moja tupu,
Sekela, Enesi.
Hatukuwa tumepatana. Hakuna aliyesogea.

Jaji akainama, akaandika.
Medali ya shaba ilikwenda Njombe
kwa nusu pointi.

Kwenye benchi, mkono kwenye kanga ya mama yake,
Subilaga alitutukana kwa Kinyakyusa
mpaka sauti ikamkauka.
Halafu akatubebesha begi lake,
wote watano.